Kitufe Dirishani kwa Mkunga

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku Mama Agnesi alipoingia gereji kwetu Kanyenye, pale Tabora mjini. Viatu vyake vyeupe vya uuguzi vilikuwa vimegeuka rangi ya udongo, na mkoba ameubana kwapani. Akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa nimelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, nikajibu kutoka kule kule chini, "Ndiye mimi, subiri kidogo." Nilipojitokeza na ovaroli iliyolowa oili na kanga nimejifunga kichwani, alinitazama toka juu hadi chini, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Cha dharau nilikuwa nimekizoea, nakijua hata kabla mtu hajafungua mdomo. Huyu alicheka kama mtu aliyekutana na ndugu yake safarini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu, Mzee Saidi, alikuwa fundi umeme wa magari: dainamo, stata, taa, honi. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa mimi nimeshafika miaka kumi na mitano, na wakati huo mikono yangu ilikuwa imekwisha kujua kazi, basi baba hakuona sababu ya kunitoa gereji. Mjini watu walizoea, wakaniita Fundi Zuhura. Nje ya mji ilikuwa habari nyingine.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu wamehamia pamoja, zahanati mpya, shule mpya, shamba la pamoja, na kila mahali panatakiwa kitu ambacho dukani hakipo. Wewe leo unaagiza rilei kwa simu, kesho kutwa imefika. Sisi tulizitoa kwenye magari yaliyokufa, tukizisugua kwa msasa mpaka zing'ae.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Bukene kwa treni, kwa jambo moja tu." Akakaa juu ya tairi bovu, akaeleza. Alikuwa mkunga wa zahanati, kijijini, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Bukene. Zahanati ilikuwa na Landrova kuukuu. Dereva alihamishwa, hakuletwa mwingine, basi akawa anaendesha mwenyewe. Mama akishindwa kujifungua, ni yeye wa kumpakia na kumkimbiza Nzega.

"Lile gari likilala likapoa, haliamki mpaka ulibembeleze," akasema. "Naliwasha, linazima. Nalikanyagia mafuta, linakohoa. Robo saa nzima niko nje na gari, na ndani nimemwacha mtu na uchungu, peke yake, ananiita. Juzi nimerudi ndani nikamkuta ameng'ata shuka mpaka limechanika." Akauweka mkoba mapajani. "Nataka niliwashe nikiwa nimemshika mkono."

Baba alikuwa anasikiliza kutoka kwenye meza yake ya kazi. Akafungua mdomo, lakini nikamtangulia. "Inawezekana, mama."

Na iliwezekana. Nitakueleza kwa ufupi, maana najua wewe ni mtu wa kazi hizi. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na dirisha linalotazama uani, na gari liliegeshwa hatua kama kumi kutoka dirishani. Nilitaka kupitisha waya kutoka kwenye gari mpaka pale dirishani, niweke swichi moja ya kulipatia gari umeme, na kitufe kimoja cha kengele ya mlangoni cha kuizungusha stata. Mkunga akigeuza swichi na kubonyeza kitufe, gari liwake huko nje na kuanza kupata joto, na yeye hajaondoka kwa mgonjwa. Ninyi mnaita rimoti. Yetu ilikuwa na kamba.

Kabla sijaondoka, baba aliniketisha, akachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu.

"Gari likiachwa kwenye gia," akasema, "stata haiwashi tu injini. Inalisukuma gari lenyewe. Dereva akiwa ndani, mguu wake uko kwenye klachi. Pale dirishani hakuna mguu wa mtu. Kwa hiyo utafunga swichi kwenye giaboksi, umeme usipite mpaka gia iwe huru. Hiyo ndiyo uifunge kwanza, Zuhura. Ya kwanza, si ya mwisho."

"Nimeelewa, baba."

Nilielewa kweli. Sitaki ufikiri kwamba sikujua.

Nilifika kijijini na sanduku langu la vifaa. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili, mabati machache, nyasi nyingi, na wazee walionieleza kwa fahari kwamba barabara ile ndiyo njia waliyopita babu zao wakibeba mizigo hadi pwani. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mihambo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuja kutupokea. Akamsalimu Mama Agnesi, akanisalimu na mimi, kisha akatazama nyuma yangu.

"Na fundi?"

"Ndiye huyu," Mama Agnesi akajibu.

"Huyu? Nilidhani ni mdogo wako amekuja kukusalimia." Watu wakacheka. Akaongeza, si kwa ubaya, lakini kwa sauti ile ile kubwa, "Haya. Tuliomba fundi, tumepewa binti. Tutaona."

Maneno hayo, mwanangu, yaliniingia. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Siku ya kwanza nilitandika waya, na usiniulize kwa nini nilianza na waya badala ya giaboksi. Nilitaka watu waone kitu. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kengele, na nilipobonyeza kitufe stata ililia tek, tek, basi. Umeme wa stata ulikuwa mkubwa mno kwa waya ule. Nikawaza mpaka kichwa kikauma. Kesho yake nikakumbuka rilei ya honi niliyokuwa nayo sandukuni: waya mwembamba uiamuru rilei, na rilei iliyo kwenye gari ndiyo ipitishe umeme mnene kwenda stata. Nikaifunga, nikabonyeza. Injini ikazunguka. Nilipiga kelele peke yangu uani, kuku wakatawanyika.

Siku ya tatu, jioni, ndipo nilipofika kwenye swichi ya gia. Niliyokuja nayo ilitoka kwenye gari lililokufa, ilikuwa ya kuwasha taa ya kurudi nyuma. Nilikuwa nimetengeneza bamba la kuikalisha. Nilipokuwa naikaza, ikapasuka mkononi mwangu. Kichwa chake kikabaki kwenye spana.

Nyingine ilikuwa Tabora, kama ingepatikana. Na Ndugu Mihambo alikuwa amekwisha kutangaza: kesho asubuhi watu wasiende shamba la pamoja mpaka washuhudie gari linawaka bila dereva.

Zile nyaya mbili zilizotakiwa kuingia kwenye swichi zilikuwa zinaning'inia. Nikazitazama muda mrefu. Kisha nikazisokota moja kwa nyingine, nikazifunga utepe mweusi, nikafunika giaboksi.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa uani. Mama Agnesi alisimama dirishani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehakikisha gia iko huru. Akageuza swichi, akabonyeza, na lile gari kuukuu likakohoa mara mbili, likawaka, likatulia linanguruma, halina mtu ndani. Vigelegele! Bibi mmoja alikimbilia nyuma ya nyumba akidai ni majini. Ndugu Mihambo alinyanyua mikono watu wanyamaze.

"Siku ile nilisema maneno," akasema mbele ya watu wote. "Nimeyafuta. Huyu ni fundi." Akanikabidhi jogoo.

Nikiwa nimemkumbatia yule jogoo, Mama Agnesi akanijia, akaniuliza taratibu, "Zuhura, kuna kitu chochote natakiwa kuangalia kabla ya kubonyeza?"

Aliniuliza, mwanangu. Mtu mwenye akili timamu aliniuliza swali lililo sahihi, kwa wakati wake. Na nilikuwa na jibu. Ningesema, "Mama, swichi ya gia imevunjika. Mpaka nirudi, usibonyeze kabla hujaitazama gia kwa macho yako." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini Mihambo alikuwa amesimama pale, bado anatabasamu, na vigelegele havijaisha. Nikajibu, "Choki tu, mama. Uivute kabla hujashuka garini, injini baridi iwake upesi."

Moyoni nilijipa sababu. Kwa siku tatu nilikuwa nimemwona Mama Agnesi akiegesha: anaiacha gia huru, anaweka jiwe chini ya tairi, kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa imechoka. Nikajiambia hatapata shida. Nitarudi baada ya siku chache na swichi, niifunge kimya kimya, hakuna atakayejua.

Nilipofika nyumbani, baba akauliza kazi imekwendaje. "Gari linawaka vizuri sana, baba," nikasema. Hakuuliza zaidi. Baadaye nilimsikia barazani akiwasimulia wenzake waliotoka msikitini, "Binti yangu amewasha gari kutoka dirishani." Nikaingia ndani nisimsikie.

Nilitafuta swichi siku sita. Niliipata kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, nikaijaribu, ikawa nzima. Siku ya saba, alasiri, nilikuwa stesheni na kikapu changu, swichi imeviringishwa kitambaa, nangoja treni ya Mwanza inishushe Bukene. Nilikuwa na raha. Nilijiona nimelimaliza.

Ikaingia treni ya mizigo kutoka upande ule ule niliotaka kwenda. Watu wachache walishuka kwenye behewa la mwisho, na wa kwanza alikuwa Mama Agnesi, aproni yake ina damu. Nyuma yake wanaume wakateremsha kitanda cha kamba, na juu yake mwanamke mjamzito, macho yamefumba, midomo mikavu. Kisha wakamshusha mwanaume, amebebwa mgongoni, mguu wake wa kushoto umefungwa vijiti viwili na kipande cha kitenge.

"Zuhura!" Mama Agnesi akaniona. "Mungu amekuleta. Shika huku miguuni, upesi."

Nikashika. Tukatoka stesheni tukikimbia nusu, tunatembea nusu, kuelekea hospitali, na njiani alinieleza kwa vipande vipande, pumzi inamkatika.

Mwanamke yule alikuwa Nyamizi, mtoto wake wa kwanza. Mwanaume aliyevunjika alikuwa Shija, mumewe. Jana yake bwana shamba aliliazima gari kusambaza mbegu, akalirudisha jioni, na kwa kuwa breki ya mkono haishiki, akaliacha kwenye gia, kama anavyofanya dereva yeyote. Alfajiri Nyamizi akaletwa. Mtoto alikuwa amelala kiubavu tumboni. Mama Agnesi akaona hapa ni Nzega, hakuna njia nyingine. Akamshika mkono, kwa mkono wa pili akageuza swichi, akabonyeza.

"Gari likaruka," akasema. "Likaruka kama limechomwa mkuki, likawaka, likaenda. Shija na mama yake walikuwa wamekaa kwenye benchi pale mbele wanangoja. Alimsukuma mama yake pembeni. Mguu wake ukabaki. Nilizima swichi, lakini lilikuwa limeshagonga tangi la maji, rejeta imepasuka, maji yote chini. Na Nyamizi yuko kitandani ananiuliza ni nini hicho."

Wanaume wa kijiji walibeba kitanda mpaka Bukene. Nane wanabeba, nane wanapumzika kwa kutembea, wanabadilishana mabega bila kusimama. Wengine walimbeba Shija. Bwana stesheni alitumiwa habari kwa baiskeli, akaizuia treni ya mizigo mpaka wakafika.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," Mama Agnesi akasema, akaendelea kutembea. "Sikutazama gia. Miaka yote hii kazini, na nimemvunja mtu mguu kwa mkono wangu."

Swichi ilikuwa kwenye kikapu changu, inagonga nyonga yangu kila hatua.

Tulingoja kwenye baraza la hospitali. Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilihesabu vigae vya sakafu nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nyamizi alipasuliwa. Daktari alipotoka alikuwa anafuta miwani. "Mtoto wa kike," akasema. "Analia vizuri. Mama naye atapona." Mama Agnesi alipiga kigelegele kimoja tu, kikakatikia njiani kikageuka kilio. Shija, aliyekuwa amelazwa akisubiri plasta, alisikia kupitia ukuta akaita, "Mtoto mzima? Na mama yake mzima?" Tukamwambia wote wazima.

Ungefikiri ningesema wakati huo. Sikusema. Niliaga, nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa amekwisha kusikia. Tabora habari za stesheni zilifika kabla ya abiria. Alikuwa anasafisha dainamo, hakuinua uso.

"Ile swichi uliifunga?"

"Sikuifunga, baba. Ilipasuka wakati wa kuikaza. Nikaunganisha nyaya."

"Ulimwambia?"

"Aliniuliza kama kuna la kuangalia." Nikakitua kikapu chini. "Nikamwambia choki."

Aliweka kitambaa chini. Nilitamani anipige, kwa kweli, lakini baba hakuwa mtu wa kupiga. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza kazi:

"Swichi kupasuka si kosa. Mimi nimepasua nyingi kuliko umri wako. Kuondoka kabla kazi haijaisha, hilo nalo hutokea. Lakini yule mama alikuuliza, Zuhura. Alikupa nafasi ya kumkinga, ukaitumia kujikinga mwenyewe." Akanitazama sasa. "Na huko hospitali kuna mtu amebeba kosa lisilo lake. Wewe uko hapa. Unataka alale nalo?"

Jua lilikuwa halijazama. Nilirudi mbio hospitali, sijala, sijanawa.

Nilimkuta Mama Agnesi ameketi kwenye ngazi, amevua viatu. Nikampigia magoti, nikamwambia yote: swichi iliyopasuka, utepe mweusi, Mihambo na jogoo wake, hata sababu niliyojipa moyoni. Nikatoa swichi kikapuni nikaiweka mbele yake.

Aliitazama ile swichi. "Niliuliza," akasema hatimaye.

"Ndiyo, mama. Uliuliza."

"Mchana kutwa nimejiona muuaji." Akafuta uso kwa kiganja. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alisema, "Kesho utamwambia Shija. Mimi sitakusemea. Na ukitoka kwake utakwenda kuwaambia watu kijijini, maana wanamlaumu bwana shamba, na yeye hakufanya kosa lolote."

Shija alikuwa mkulima wa karanga na tumbaku, kijana mwenye mikono mipana. Nilimweleza nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake. Akageuzia uso ukutani. Kesho yake nikaenda tena, akageuza tena. Siku ya tatu nilikuta amewekewa mtoto kifuani, na huwezi kugeukia ukuta ukiwa na mtoto kifuani. Akanitazama.

"Lile gari," akasema, "linatengenezeka?"

"Linatengenezeka."

"Basi unakaa hapa kunitazama mimi kwa nini? Kuna mke wa mtu mwingine atashikwa na uchungu."

Nilipanda treni siku ile ile. Baba alinipa lehemu yake yote na mabomba mawili ya mpira kwa ajili ya rejeta. Nikamwomba tufuatane, akakataa. "Ulipokwenda kusifiwa ulikwenda peke yako," akasema, lakini alinisindikiza mpaka stesheni, akanibebea sanduku.

Mkutano wa kijiji ulifanyika mbele ya zahanati. Mama Agnesi alikuwa amerudi. Nilisimama, nikasema: bwana shamba hana kosa, Mama Agnesi hana kosa, mimi nilijua na nikanyamaza. Mtu mmoja akapiga kelele, "Zing'olewe hizo nyaya zote, aende zake!" Wengi wakaitikia. Mama yake Shija alinitazama tu. Yule mama sitausahau uso wake.

Ndugu Mihambo alisimama, nikainama kusubiri. Aliniita binti mbele ya kijiji mara ya kwanza, na nilikuwa tayari aniite hivyo tena.

"Pampu ya kisima chetu," akasema, "imekufa mwaka sasa. Aliyeifunga alikula kuku wetu akaondoka, hatujamwona. Paa la shule linavuja. Aliyeliezeka mnajua yuko wapi? Mimi sijui. Huyu amerudi bila kuitwa, na amesema mwenyewe." Akamgeukia Mama Agnesi. "Gari ni lako kulitumia. Amua."

Mama Agnesi hakuharakisha. "Kitufe nakitaka," akasema. "Nakihitaji. Lakini atafunga mbele ya macho yangu, na atanionyesha kila waya unakokwenda."

Ndivyo tulivyofanya. Nililehemu rejeta siku mbili. Nikafunua giaboksi, nikakata ule utepe mweusi, nikafunga swichi. Mama Agnesi alikuwa amechuchumaa kando yangu anauliza: huu unakwenda wapi, huu ukikatika itakuwaje? Nikamjibu kila swali, na yale nisiyoyajua nikamwambia sijui. Kisha tukaweka magogo mbele ya magurudumu, tukaondoa watu uani, nikaingiza gia ya kwanza. Mama Agnesi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Gia ya pili, gia ya tatu, gia ya nyuma, kimya. Nikaiweka huru, akabonyeza, likawaka. Akamwita bwana shamba abonyeze naye, kisha Mihambo, kisha yeyote aliyewahi kulishika lile gari. Bila vigelegele safari hii. Watu walitazama kama wanavyotazama mizani ya pamba, wasije wakapunjwa.

Sikuondoka. Karanga za Shija zilikuwa zinamezwa na magugu, na mtu wa kuzipalilia alikuwa na plasta. Nikalima mimi, miezi miwili, asubuhi shambani, mchana natengeneza redio na baiskeli za watu. Mama yake Shija hakuitikia salamu yangu wiki tatu. "Mwangaluka, mayu," nasema, namwamkia kwa lugha ya kwao, anapita. Siku moja nililima mpaka jua likanizidi, nikaketi kwenye tuta, kizunguzungu. Akaja, akaweka mbele yangu bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, akaketi upande wa pili wa tuta, akala na yeye. Kesho yake aliitikia.

Mguu wa Shija ulipona, ila haukunyooka kabisa. Mvua zikikaribia anachechemea. Sikufichi hilo. Kitufe nacho kilifanya kazi miaka, mpaka Landrova yenyewe ikaisha. Sijui ni akina mama wangapi walishikwa mkono gari likiwa linapata joto nje. Mama Agnesi alikuwa akija Tabora ananitajia majina ya watoto, na mimi nilipenda kuyasikia.

Ndipo nikaanza mazoea ambayo wenzangu mjini waliyacheka mwanzoni. Kila gari lililotoka mikononi mwangu, nilimketisha mwenye nalo, nikamwambia kwanza yale ambayo sikuyafanya. Taa nimetengeneza, breki sijaigusa. Waya huu ni wa muda, usisafiri nao Kigoma. Nilidhani nitakosa wateja. Gereji ikajaa. Watu walitoka Ntalikwa, Bukene, hata Nzega, wanasema, nipelekeni kwa yule mama anayekwambia kilichobaki.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayefunga rimoti kwenye magari ya watu. Gari la gia za mkono usilifungie kitu cha kuliwasha kwa mbali bila kinga ya gia, hata mteja akikubembeleza, hata kama jirani yako anafunga bila kinga na hajapata ajali. Ukikosa kipuri, simama. Ukishindwa kusimama, sema. Mteja anapokuuliza kuna la kuangalia, amekufungulia mlango wa kuwa mtu mwema. Usimjibu jambo dogo ili kulificha kubwa. Aibu ya kusema "sijamaliza" huisha jioni ile ile. Mimi nilikimbia aibu ya dakika moja, mwenzangu akapata kilema. Na kama umekwisha kukosea, maana utakosea, usikae hapo ukijichukia. Rudi. Mwambie uliyemkosea kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na mtu, kisha chukua spana utengeneze. Watu wana mioyo mipana kuliko tunavyowadhania, lakini huwezi kuujua upana huo ukiwa umejificha.

Mwenyezi Mungu aitie nuru akili yako na aitie utulivu mikono yako. Akupe ulimi usioogopa kusema kweli mbele ya mkubwa wala mbele ya umati. Kila mtu atakayewasha chombo ulichokigusa, afike salama kwa watu wake, na akifika, akuombee heri hata kama hajui jina lako. Amina.